Saa 40 za semina, sekunde moja ya darasani

Mwalimu wa Kiingereza anauliza: "What did you do yesterday?" Anamtazama mwanafunzi aliyesimama, anasubiri kama sekunde moja, kisha huruma inamshinda na kumjibia: "You played football, isn't it? Very good. Sit down." Mwanafunzi anakaa bila kutamka neno. Nyumbani kwa mwalimu huyo kuna vyeti vitatu vya semina, na kimoja kinathibitisha kwamba amehitimu mbinu shirikishi. Cheti hakisemi uongo. Alihudhuria siku zote, akaandika, akakaa kwenye makundi na kubandika makaratasi makubwa ukutani. Ila semina ilimweleza habari za ushirikishaji, na darasani alichohitaji ni kunyamaza kwa sekunde tatu huku darasa zima likimkodolea macho. Kunyamaza huko hakuzoezwa hata mara moja.

Mafunzo kazini ya walimu wa Kiingereza kama lugha ya pili hupangwa kwa mada na kuhesabiwa kwa saa. Kazi yenyewe imejengwa kwa vitendo vidogo vya sekunde chache: kuuliza, kusubiri, kusahihisha, kutoa agizo. Vitendo hivyo hurudiwa mamia ya mara kwa wiki, na ndivyo vinavyoamua kama mwanafunzi atasema au atasikiliza tu. Anayetaka kumwendeleza mwalimu achague kimoja, akifanyie mazoezi jinsi mpiga penalti anavyofanyia mazoezi mkwaju wake, na asihamie kingine mpaka hicho kiwe mazoea.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alionyesha kwamba mwalimu haanzi kujifunza ualimu chuoni. Huja akiwa amekaa maelfu ya saa kwenye dawati akiwatazama walimu wake, na picha hiyo ndiyo humwongoza. Kwa mwalimu wa Kiingereza uanagenzi huo wa kutazama ni wa pande mbili, maana lugha yenyewe na namna ya kuifundisha vyote alivipata kwa mtu yuleyule, mbele ya ubao uleule. Darasa likipiga kelele au kengele ikikaribia, mkono hurudi kwenye kile ulichokizoea. Wahenga walikwisha kusema mazoea yana taabu, na semina ya siku mbili haina ubavu wa kushindana na miaka 12 ya kutazama.

Si kwamba haijulikani kinachohitajika. Watafiti wa elimu Bruce Joyce na Beverly Showers waliandika tangu mwaka 1980 kwamba mafunzo yanayofika darasani huwa na sehemu tano: maelezo ya nadharia, onyesho, mazoezi, mrejesho, na mwenza anayemfuata mwalimu hadi kazini. Semina nyingi huwa na ya kwanza kwa wingi, ya pili kwa haraka, na ya tatu kwa dakika 20 kabla ya chakula cha mchana. Mbili za mwisho huachwa kwa sababu ndizo zenye gharama na ndizo zisizo na sherehe ya kufunga. Ule mtindo wa kuwafundisha wachache ili nao wakawafundishe wenzao huongeza uharibifu wake: siku kumi za juu zinakuwa tatu katikati na nusu siku chini, na katika kila ngazi kinachokatwa kwanza ni mazoezi. Kinachomfikia mwalimu wa mwisho ni slaidi.

Basi tuchukue kitendo kimoja tukikague: kosa la mwanafunzi.

Mwanafunzi anasema, "Yesterday I go to the library." Mwalimu ana sekunde mbili za kuamua. Anaweza kumrudishia sentensi iliyokwisha kunyooshwa: "Ah, you went to the library." Anaweza kumwambia wazi kwamba si "go", ni "went". Anaweza kuonyesha hakuelewa: "Sorry?" Anaweza kulirudia kosa kwa sauti ya kuuliza: "I go?" Anaweza kudokeza kanuni: "Past tense?" Au anaweza kumwachia pengo: "Yesterday I…" na kunyamaza. Njia hizo sita zilipangwa na watafiti Roy Lyster na Leila Ranta mwaka 1997, baada ya kuchambua saa 18.3 za masomo katika madarasa ya Kanada ambako watoto walifundishwa kwa Kifaransa, lugha yao ya pili. Njia ya kwanza, ya kunyoosha kimyakimya, ilibeba asilimia 55 ya masahihisho yote ya walimu. Ndiyo pia iliyoamsha mwitikio mdogo kuliko zote: wanafunzi waliitikia mara 31 tu katika kila 100. Kuachiwa pengo kuliitikiwa kila mara.

Sababu haihitaji darubini. "Ah, you went to the library" ina sura ya mtu anayefurahia habari. Mwanafunzi anatikisa kichwa, anasema "Yes", na "go" yake inabaki salama kichwani. Pengo halina tafsiri nyingine: mwalimu amesimama, sentensi imekatika, na anayetakiwa kuikamilisha ni yeye. Kuitikia si kujifunza, na watafiti hao wenyewe hawakudai hivyo. Ila mwanafunzi aliyelitafuta neno mwenyewe amefanya kazi ambayo aliyetikisa kichwa hakuifanya.

Maelezo hayo yote yanahitaji robo saa ya semina. Sasa yanaanza mafunzo.

Wiki ya kwanza mwalimu hasahihishi chochote kwa namna mpya. Anaweka simu mezani, anarekodi dakika 10 za mazungumzo ya darasa zima, na siku hiyohiyo anasikiliza akiwa na karatasi yenye safu tatu: kosa lililosemwa, nilichofanya mimi, alichofanya mwanafunzi baada ya hapo. Asichukue kipindi cha kuandika wala cha kusoma kwa sauti, kwa kuwa humo makosa ya kuzungumza hayaonekani. Mara nyingi safu ya tatu hubaki karibu tupu, na utupu huo humshawishi mwalimu kuliko mkufunzi yeyote. Akisubiri mpaka mwisho wa wiki ndipo asikilize, atakuwa amesahau nani alisema nini, na zoezi litageuka kazi ya kujaza fomu.

Wiki ya pili wanakutana walimu watatu bila wanafunzi. Wanatayarisha kadi 12, kila moja ikiwa na sentensi ya mwanafunzi yenye kosa halisi kutoka kwenye rekodi zao: "She have two brothers", "He is my sister", "I didn't went". Mmoja anasoma kadi kama mwanafunzi, wa pili anaitikia kwa pengo au dokezo ndani ya sekunde mbili, wa tatu anashika saa na kuweka alama. Mzunguko wa kadi 12 hauzidi dakika 4. Wabadilishane nafasi mpaka kila mmoja aitikie mizunguko mitatu. Yote haipiti saa moja.

Mzunguko wa kwanza huwa kichekesho. Walimu wenye miaka 20 kazini wanajikuta wakitoa muhadhara wa kanuni badala ya dokezo la maneno mawili, au wanasema jibu lenyewe kabla hawajajizuia. Kufikia wa tatu ulimi umeanza kutii. Wapo wanaoliona zoezi hili la kitoto na kudai wanaielewa hoja tayari. Wanaielewa kweli. Ila anayeelewa jinsi baiskeli inavyosimama bado huanguka nayo.

Wiki ya tatu na ya nne ndipo darasani, na kwa kipimo: kipindi kimoja kwa siku, aina moja ya kosa, tuseme vitenzi vya wakati uliopita. Mengine yaachwe kama yalivyokuwa. Mwisho wa wiki ya nne irekodiwe tena, dakika 10 zilezile, safu zilezile tatu.

Mambo huharibikia wapi? Kwanza, kwenye kudokeza kitu ambacho mwanafunzi hakijui kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema "He is my sister" kwa kawaida anaijua "she". Kilichomponza ni "yeye" yetu isiyobagua mume na mke. Dokezo dogo linamtosha. Anayesema "I have fifteen years" ametafsiri "nina miaka 15" kwa uaminifu mkubwa, na kama hajawahi kufundishwa namna Kiingereza kinavyotaja umri, pengo litampa aibu tu. Huyo aambiwe jibu, arudie, maisha yaendelee. Mwalimu asiyetofautisha kuteleza na kutojua atayaona mapengo yake yakizaa ukimya, kisha atahitimisha kwamba mbinu ni mbovu.

Pili, kusahihisha kila kitu. Mwanafunzi anayesimulia habari yenye kumgusa hakatizwi kwa ajili ya "went". Mwalimu aandike makosa matatu pembeni, amwache amalize, kisha ayarudishe ubaoni bila jina la mtu. Mapengo ni ya zoezi ambalo lengo lake ni usahihi wa muundo fulani, na wanafunzi wajue hivyo tangu mwanzo.

Tatu, matamshi. Sauti isiyosikika haidokezeki. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza kusini huhesabiwa kuwa na takriban 20, pamoja na zile za kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. "Ship" na "sheep" zinaangukia kwenye "i" moja ya sikio letu, na mwalimu anayesema "Again! Again!" anamtaka mwanafunzi atamke tofauti ambayo bado haisikii. Aanze na sikio: aseme neno moja kati ya hayo mawili, wanafunzi wainue kidole kimoja au viwili, mara 10, na ulimi ufuate baadaye. Mkazo ni rahisi zaidi kuliko irabu, na kwa maoni yangu unastahili muda mwingi zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana tunasikia "comforTAble" na "vegeTAble". Msikilizaji husamehe irabu iliyopinda. Mkazo ukihama, neno zima humpotea.

Nne, jambo dogo linalosahaulika: mwanafunzi akishasema "went", arudie sentensi nzima. Neno moja peke yake halijajaribiwa.

Nimekaa sana kwenye kosa kwa makusudi. Hicho ni kitendo kimoja, na kimeshika mwezi mzima. Kusubiri baada ya kuuliza, tulikoanzia, kunahitaji mwezi wake. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, alikuta walimu wakisubiri sekunde moja au chini yake. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Kwa anayejibu kwa lugha ya pili sekunde hizo ni za lazima, kwani anatafuta wazo na maneno kwa pamoja. Zoezi lake ni jepesi kulieleza na gumu kulivumilia: uliza, hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, usirudie swali kwa maneno mengine. Kurudia ndiko kunakovuruga, kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa katikati ya kulitafsiri swali la kwanza anaanza upya na la pili.

Kuna jambo ambalo semina nyingi hulizunguka kwa adabu: Kiingereza cha mwalimu mwenyewe. Walimu wengi wa lugha ya pili nao wamejifunza Kiingereza shuleni tu, hawana wa kuzungumza naye nje ya darasa, na wanaogopa kuumbuka. Dawa inayozoeleka ni kozi ya sarufi, wakati sarufi ndiyo sehemu wanayoijua vizuri kuliko zote. Mwaka 2015 mtafiti Donald Freeman na wenzake walipendekeza mwelekeo mwingine ambao haujapewa uzito wake: mwalimu ajengewe kwanza Kiingereza cha kufundishia. Waligawa kazi hiyo katika maeneo matatu, yaani kuliendesha darasa, kufikisha maudhui ya somo, na kupima wanafunzi na kuwapa mrejesho. Lugha ya namna hiyo ina mpaka. Inaweza kuorodheshwa, kukaririwa na kumalizika, na mwalimu aliyeimaliza husimama wima zaidi.

Maagizo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwalimu aandike neno kwa neno alichosema kwenye rekodi alipoanzisha zoezi. Karibu kila mara atakuta kitu kama hiki: "Now what I want you to do is you should discuss with your friend and then after that you will write down the answers which you have discussed." Akate mpaka zibaki sentensi tatu, kila moja isizidi maneno manane: "Work in pairs. Talk first. Don't write yet." Afanye onyesho na mwanafunzi mmoja mbele ya wote. Kisha asiulize "Do you understand?", swali ambalo jibu lake ni "Yes" hata pale ambapo hakuna aliyeelewa. Aulize "Do we write now?" Jibu likiwa "No", waanze. Kadi 20 za maagizo ya aina hiyo, zikikaririwa na kufanyiwa mazoezi kwa sauti, zinahudumia sehemu kubwa ya mwaka. Kitakachoharibu ni kugawa karatasi kabla ya agizo: macho yakishatua kwenye karatasi, masikio yamefungwa.

Na huyo mwenza anayekuja darasani? Hapa ndipo mipango mizuri hufa, kwa kuwa mwenza hugeuka mkaguzi. Anaingia na fomu yenye vipengele 30, anakaa nyuma, anaandika bila kuinua kichwa, na mwalimu anafundisha kipindi cha maonyesho ambacho hajawahi kukifundisha kabla na hatakifundisha tena. Anayetoa alama za kupandishwa cheo asiwe yeye anayemlea mwalimu. Kofia hizo mbili hazikai kichwa kimoja, hata mwenye kichwa awe mwema vipi.

Mwenza anayefaa hukaa dakika 20, si kipindi kizima. Mwalimu mwenyewe ndiye anayemtuma kitu cha kuhesabu: nimeacha mapengo mangapi, nimesubiri muda gani, wangapi wamesema zaidi ya maneno matano. Mwenza huandika namba na maneno yaliyosemwa, wala haandiki sifa. "Kipindi kilikuwa kizuri" haifai kuandikwa. "Uliuliza maswali 14, ukajibu 9 mwenyewe" inafaa. Mazungumzo yafanyike kabla ya siku mbili kupita, kwa dakika 15, na mwalimu aanze kusema. Mwenza akijikuta amezungumza zaidi ya nusu ya muda huo, amerudia kosa lilelile analomsaidia mwenzake kuliacha. Kikao kiishe na kitu kimoja cha kujaribu kesho. Vikiwa vitatu, hakuna kitakachojaribiwa.

Japani wana utamaduni wa zaidi ya miaka mia moja wa walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi, kisha wote wakalirekebisha. Siri yake ni hapo kwenye kuwatazama wanafunzi. Utamaduni huo ukiigwa bila sharti hilo, unakuwa baraza la kumkosoa mwalimu mmoja mbele ya wenzake, na mwezi unaofuata hakuna anayejitolea.

Wapangaji wa mafunzo watauliza kama jambo hili linaweza kupanuliwa. Jibu la kweli haliwafurahishi. Mwaka 2018 Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walikusanya tafiti 60 kuhusu ulezi wa walimu kazini, yaani mwenza kumtazama mwalimu akifundisha na kumpa mrejesho, nyingi zikihusu ufundishaji wa kusoma na kuandika Marekani wala si Kiingereza cha lugha ya pili. Walikuta unabadilisha ufundishaji kwa kiasi kikubwa, 0.49 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani), na matokeo ya wanafunzi kwa kiasi kidogo zaidi, 0.18. Programu zilizohusisha walimu wengi zilipata sehemu tu ya mafanikio ya zile ndogo. Maana yake ni kwamba walezi wazuri ni wachache, na ukiwatandaza unapata wakaguzi wenye jina jipya. Afadhali kuanza na vikundi vya watatu watatu ndani ya shule, ambavyo havihitaji mgeni, na kumtumia mlezi aliyebobea kuvizungukia mara moja kwa mwezi.

Darasa la watu 60 hutajwa kama kizuizi, na kwa mambo mengi ni kizuizi kweli. Kwa sekunde tatu za kusubiri si kizuizi. Kwa pengo, swali liulizwe kwa wote, wanong'onezane wawili wawili kwa sekunde 20, ndipo mmoja atajwe. Jina likitangulia swali, wengine 59 wameruhusiwa kulala.

Kinachohitaji kubadilika haraka ni kinachohesabiwa. Badala ya saa za kuhudhuria, faili la mwalimu liwe na rekodi mbili za dakika 10 na karatasi zake za safu tatu, ya kabla na ya baada. Ya baada isichukuliwe wiki ileile mazoezi yanapokwisha, kwa sababu wakati huo kila mtu bado anajichunga. Ichukuliwe wiki nane baadaye, kipindi cha mwisho cha mchana, siku ambayo mwalimu amechoka.